Risala ya Wakazi wa Marani Kuhusu Miti Inayokufa Katika Viwanja vya Umma

Kwa: Serikali ya Kaunti ya Kisii, Huduma ya Misitu Kenya, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya (KEFRI)

Kutoka kwa: Wakazi wa Marani, Kitutu Chache Kaskazini



Miti inayopandwa katika viwanja vyetu vya umma inakufa. Inakufa kando ya soko, katika nyua za shule na za vituo vya afya, na katika vibustani vilivyotengwa ili mtu apate kivuli akisubiri matatu. Kila msimu wa mvua miche mipya huletwa, hotuba hutolewa, picha hupigwa, na miche hiyo huingizwa katika mashimo yale yale yaliyoua iliyotangulia. Ikifika Februari vimebaki vijiti. Mvua zikirudi, kazi inaanza upya kana kwamba hakuna lililotokea.

Hatukuja kuomba miche. Miche tunayo, na akina mama wetu wanajua kuiotesha. Tumekuja kudai kwamba kabla ya mche mwingine kuingia ardhini, udongo uchunguzwe na tuelezwe kilichoua uliotangulia. Risala hii haimnyooshei mtu kidole wala haitaji ofisi iliyokosea. Inataja makosa, na inataka yarekebishwe.

HALI YETU

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, na kila kilomita ya mraba ina zaidi ya watu 900. Shamba la urithi kwetu ni kipande chembamba kinachoshuka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, na kila mrithi akigawiwa kinazidi kuwa chembamba. Hakuna familia yenye ardhi ya kuachia umma kivuli. Kwa hiyo kiwanja cha umma ndicho mahali pekee ambapo mzee asiye na shughuli anaweza kuketi chini ya mti usio wake bila kumwomba mtu ruhusa. Mti ukifa pale, hatuna pengine pa kwenda.

Tena sisi si watu wa kuambiwa miti imekufa kwa ukame. Kisii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na miezi mikavu kweli kweli ni michache. Udongo wetu wa vilimani ni mwekundu, mzito na wenye kina, uliotokana na miamba ya kale ya volkeno. Ndio unaolisha chai, kahawa, ndizi na avokado. Mgeni yeyote anayeteremka kutoka mjini Kisii kuja Marani huona kijani tupu pande zote za barabara.

Basi tunauliza swali ambalo halijajibiwa. Upande mmoja wa ua migomba imenenepa hadi inaangushwa na mikungu yake. Upande wa pili, hatua chache tu, mgrevilea uliopandwa na wageni wa heshima umekauka. Mvua ni ile ile, jua ni lile lile, na kilima ni kile kile. Kilichobadilika ni nini, kama si udongo na yale uliyotendewa?

SABABU TUNAZOPEWA

Tukiuliza, tunaambiwa ni mbuzi, ni watoto wanaovunja miche wakicheza, ni mchwa, au ni sisi wananchi tusiotaka kumwagilia maji. Hatukatai kwamba mbuzi wapo. Lakini mbuzi hula majani na kuacha alama ya meno, na mti uliokauka ukiwa na majani yake yote haukuliwa na mbuzi. Mchwa nao mara nyingi ndio wa mwisho kufika, kwa kuwa hupenda zaidi mche uliokwisha kudhoofika. Mwenye kumlaumu mchwa bila kuuliza mche ulidhoofishwa na nini hajafika kwenye chanzo.

Wahenga walisema, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Katika jambo hili walioinama ni wachache. Mti huangaliwa kwa juu, ukasemwa umekufa, ukang'olewa, na shimo likajazwa mwingine. Shina na majani hutangaza tu kwamba kuna tatizo. Lenyewe limefichika chini ya udongo.

TULIYOYAONA TULIPOCHIMBA

Sisi tuliinama. Katika kiwanja kimoja kilichowahi kusawazishwa kwa tingatinga tulichimbua mche wa mgrevilea uliokauka, na tunaomba mtusikilize kwa makini katika yale tuliyoyaona.

Udongo wa juu, ule mweusi wenye mboji, haukuwepo. Ulisukumwa pembeni siku ya kusawazisha na haukurudishwa. Mche ulipandwa katika udongo wa chini, ukiwa umechanganyika na maramu, vipande vya matofali na mabaki ya saruji. Kuta za shimo zilikuwa laini na zenye kung'aa pale jembe lilipopita wakati udongo umelowa. Shimo lilikuwa limegeuka chungu. Mizizi ilifika ukutani ikageuka, ikazunguka, ikashika umbo la kifuko ilimooteshwa. Hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umepenya nje. Chini kabisa udongo ulikuwa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu na ulitoa harufu ya uvundo, na ncha za mizizi zilikuwa nyeusi, zikivuliwa ganda kwa kubanwa tu na vidole.

Tukachimba shimo jipya la kina cha goti katika kiwanja hicho, na jingine shambani ng'ambo ya ua, tukayajaza maji yote mawili. La shambani lilikauka tukiwa bado tunazungumza. La kiwanjani tulilikuta asubuhi ya pili likiwa na maji.

Hatudai kuwa wataalamu. Lakini mtu aliyelima tangu utotoni anajua maana ya maji kulala shimoni.

JINSI UDONGO UNAVYOUA MTI

Tunaeleza hapa mambo yanayojulikana na wenye elimu ya udongo, ili yasije yakaonekana ni manung'uniko ya wanakijiji.

Kwanza ni kushindiliwa. Karibu nusu ya udongo mzuri ni nafasi tupu, na ndani ya nafasi hizo hukaa maji na hewa. Mizizi hupumua, ikikosa hewa hufa hata kama maji yamejaa. Tingatinga, malori ya mawe, magari ya mikutano na nyayo za siku ya soko hubana nafasi hizo. Udongo wa mfinyanzi ukibanwa ukiwa umelowa huharibika zaidi, na haurudi hali yake kwa mwaka mmoja wala miwili. Sehemu kubwa ya mizizi inayotafuta maji na chakula hukaa katika nusu mita ya juu, na hapo ndipo tabaka lililoshindiliwa lilipo.

Pili ni maji yaliyotuama. Shimo lenye kuta ngumu hupokea mvua na haliitoi, na mvua yetu inayosifiwa ndiyo inayouzamisha mche. Katika maji hayo huchipuka viumbe vya Phytophthora, vinavyoozesha mizizi. Wakulima wa avokado wanaujua ugonjwa huo kwa hasara yake: majani hupungua na kufifia, matawi hukauka kuanzia nchani, na mti hufa ukiwa umesimama katika unyevu.

Tatu ni tindikali na upungufu wa virutubisho. Mvua nyingi huosha kalisi na magnesi na kuuacha udongo na tindikali, na miaka mingi ya mbolea zenye amonia, kama DAP, imeongezea. Tindikali ikizidi, aluminiamu huyeyuka na kuchoma ncha za mizizi, na fosforasi hunaswa na chuma na aluminiamu mti usiipate. Chai huistahimili hali hiyo na hata kuipenda, ila miti yote si chai. Papo hapo katika kiwanja kimoja, pembe iliyomwagwa saruji na chokaa ya ujenzi huwa na kasoro ya kinyume, na mti ulio pale huwa na majani ya manjano yenye mishipa ya kijani kwa kukosa chuma. Mikaratusi na misonobari ikikosa boroni nayo hufa vilele, na wengi hudhani ni ukame. Ndiyo maana hatutaki mtu aje na magunia ya chokaa kabla ya kupima: dawa ya pembe hii ni sumu ya pembe ile.

Nne ni kuvu wa mizizi. Wakulima wa chai nyanda za juu wanamfahamu Armillaria, anayeishi katika visiki na mizizi ya miti iliyokatwa kisha akahamia kwenye mimea mipya. Ukibandua ganda la shina karibu na ardhi utakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Kwa sababu hiyo wenye mashamba ya chai hubandua pete ya ganda la mti mwaka mmoja au miwili kabla ya kuukata, ili mizizi iishiwe na chakula na kuvu akose cha kula. Katika viwanja vya umma miti mikubwa hukatwa kwa siku moja, visiki vikaachwa, na mche mpya ukapandwa kando ya kisiki.

Tano ni kukosa kuvu wema. Si kila kuvu ni adui. Misonobari ya kigeni ilipoletwa Afrika ilidumaa mahali pengi hadi vitalu vilipotiwa udongo wenye kuvu wanaoshirikiana na mizizi yake. Udongo wa chini uliochokonolewa na tingatinga una viumbe hao wachache mno.

Sita ni kupanda vibaya. Mche ukifukiwa shingo, au shina likarundikiwa udongo baadaye ili kusawazisha njia, hudhoofika polepole hadi kufa, na wakati huo hakuna tena anayekumbuka siku ya kufukiwa.

Sababu hizi huacha alama tofauti. Ikifa miti ya bondeni tu, shuku maji. Ikifa iliyo kando ya njia na maegesho, shuku kushindiliwa. Ikifa mmoja, kisha jirani yake, kisha wa tatu, duara likipanuka kutoka kwenye kisiki, shuku kuvu. Kuchora ramani ya miti iliyokufa na iliyo hai ni kazi ya asubuhi moja, nasi hatujawahi kuonyeshwa ramani hiyo.

MALALAMIKO YETU

Tunalalamikia mambo manne.

La kwanza, kinachohesabiwa ni miche iliyopandwa, si miti iliyo hai. Desemba 2022 taifa lilizindua lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na siku za mapumziko zikatangazwa kwa ajili ya kupanda, tarehe 13 Novemba 2023 na tarehe 10 Mei 2024. Tulitoka kwa moyo tukapanda. Lakini mche uliokufa ukapandwa tena mara ya pili na ya tatu huandikwa kuwa mitatu, na kivuli chake hakipo hata kimoja.

La pili, fedha za umma zinanunua miche bila kununua uchunguzi. Anayeuza miche hulipwa siku ya kuileta, kwa hiyo mti ukifa hapotezi chochote, na ukipona hafaidiki.

La tatu, ujenzi unakula udongo. Mkandarasi huondoa tabaka la juu, hushindilia lililobaki, humwaga taka za saruji, kisha kiwanja hukabidhiwa watu wa kupanda miti wakiwa wa mwisho kuitwa.

La nne, elimu ipo lakini haitufikii. Mwaka 1982 kulichapishwa Wageningen, Uholanzi, ripoti ya W. G. Wielemaker na H. W. Boxem kuhusu udongo wa eneo la Kisii, matunda ya kazi ya miaka mingi ya wanafunzi na walimu waliopiga kambi huku wakichimba mashimo katika vilima vyetu. Ni sehemu chache za nchi hii zilizochunguzwa udongo wake kwa kina kiasi hicho. Hata hivyo ramani ya eneo zima haiwezi kueleza kiwanja kimoja, hasa kiwanja kilichopitiwa na tingatinga baada ya ramani kuchorwa. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo Kenya (KALRO) lina kituo Kisii na maabara ya udongo Kabete, Nairobi. KEFRI ipo Maseno. Wataalamu wako karibu, ila udongo wa viwanja vyetu haupelekwi kwao.

HAKI TUNAYOISIMAMIA

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 37, inatupa haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma. Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ifikishe na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya nchi, na iwashirikishe wananchi katika kutunza mazingira. Uchunguzi wa rasilimali za misitu wa 2021 ulikuta miti imefunika asilimia 12.13. Asilimia hiyo italindwa kwa miti inayoishi. Aidha, Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti bustani za umma, na pia kutekeleza sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Tunachodai, basi, si hisani.

MADAI YETU

1. Upandaji usimamishwe katika kila kiwanja cha umma cha Marani ambako miti imekufa kwa wingi, hadi udongo wake uchunguzwe. Miche iliyo tayari ipelekwe mashuleni na mashambani kunakojulikana inapona.

2. Tupewe kumbukumbu: ni miche ya aina gani ilipandwa, lini, kutoka kitalu kipi, kwa gharama gani, na mingapi iko hai. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ombi la habari lijibiwe ndani ya siku 21. Tunaomba siku hizo zihesabiwe kuanzia leo.

3. Mashimo ya uchunguzi yachimbwe mbele ya wananchi, moja kando ya mti uliokufa na jingine kando ya mti ulio hai, kwa kulinganisha. Sampuli zitwaliwe kutoka udongo wa juu na wa chini kwa mafungu mawili tofauti, na mizizi ipimwe magonjwa. Kasi ya maji kuzama na ugumu wa udongo vipimwe papo hapo. Kazi hii haihitaji mtambo wa ajabu: jembe, ndoo, saa na mtaalamu aliye tayari kuchafua magoti vinatosha kuianza.

4. Matokeo yasomwe katika baraza, kwa Kiswahili na Ekegusii, kabla ya kuandikwa katika ripoti ya kabatini.

5. Tiba ifuate kipimo. Palipo na tabaka gumu livunjwe, na udongo uchanganywe na samadi na mboji. Maji yanapotuama ichimbwe mifereji, au miti ipandwe juu ya matuta. Visiki vyenye kuvu ving'olewe pamoja na mizizi. Takataka za saruji ziondolewe. Chokaa itiwe pale tu maabara iliposema.

6. Kila mkataba wa ujenzi katika ardhi ya umma uwe na sharti kwamba udongo wa juu utunzwe pembeni na urudishwe, na kwamba eneo litakalopandwa miti lizungushiwe uzio lisipitiwe na magari. Asiyerudisha udongo asilipwe malipo ya mwisho.

7. Muuza miche alipwe kwa awamu: sehemu siku ya kupanda, sehemu baada ya mwaka, na iliyobaki baada ya mwaka wa pili, kwa idadi ya miti iliyo hai. Hili si geni nchini. Vuguvugu la Green Belt, lililoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, liliwapa akina mama malipo madogo kwa kila mche uliopona. Kilichowezekana kwa akina mama wasio na bajeti kinawezekana kwa serikali.

8. Vijana wetu waajiriwe kuwa walinzi wa miti hiyo kwa miaka miwili ya kwanza. Wafundishwe kutandaza matandazo, kuangalia shingo ya mche isifukiwe, na kuandika kila mti unaokufa, siku na mahali.

WAJIBU WETU

Kifungu kile kile cha 69 kinamtaka kila mtu ashirikiane na serikali katika kutunza mazingira. Sisi tutatoa nguvu za kuchimba mashimo ya uchunguzi bila malipo, na samadi kutoka mabomani. Tutawafunga mbuzi wetu. Takataka hazitachomwa chini ya miti, na mafuta machafu ya gari hayatamwagwa kiwanjani. Wazee wako tayari kuonyesha palipokuwa na kinamasi, palipokuwa na tanuri la matofali na palipokuwa na kisiki, kwa sababu historia ya kiwanja haimo katika ramani yoyote ila vichwani mwao.

MWISHO

Tunaomba jibu la maandishi kwa kila dai, likitaja afisa mhusika na tarehe ya kuanza. Tunaomba uchunguzi ukamilike kabla ya mvua za masika zinazoanza Machi, kwa maana mvua zikishanyesha miche italetwa, na ikishaletwa itapandwa, iwe udongo umepona au haujapona. Na ikiwa mwaka huu mna fedha za kufanya moja tu, kati ya kupanda na kupima, Marani inasema kwa sauti moja: pimeni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wakazi wa Marani, Kaunti ya Kisii